Mkono wa Bernadeta

Bukoba,
Kibeta,
12 Machi 1993.

Mpendwa dada Joviana,

Pokea salamu zangu, nyingi kama mvua hii ya Machi ambayo tangu Jumatatu haijatupa nafasi hata ya kuanika soksi. Natumaini barua itakukuta mzima wewe, shemeji Mayenga na mpwa wangu Limi, ambaye naambiwa sasa anajibu kwa Kisukuma hata akiulizwa kwa Kihaya. Mimi ni mzima, isipokuwa jino la nyuma, lile ulilosema ning'oe mwaka ulipoolewa. Bado tunavumiliana.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa Kokushubila, binti wa baba mkubwa, aliporudi kutoka Mwanza na biashara yake ya samaki. Alikuwa ameifunga pamoja na dagaa, kwa hiyo niliisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa macho na ya pili kwa pua. Nimeielewa yote. Unasema umesikia kwamba mkono wa shemeji yetu Bernadeta umekufa, kwamba hata marehemu mumewe, kaka Privatus, alianza na mikono, na kwamba ukoo usingoje kumzika mtu mwingine ndipo upange mambo ya kibanja. Baba mdogo Kamugisha akitwae kibanja na amlee mtoto wao Aroni, wewe umchukue binti yao Kokuhirwa aje akae kwako Mwanza, na Bernadeta arudi kwao.

Dada, baba mdogo Kamugisha ameweka kikao Jumamosi inayofuata Pasaka. Amesema mbele yangu kwamba hatatamka lolote kabla ya neno lako kufika, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa uliyebaki katika nyumba yetu na shangazi wa watoto hao. Kwa hiyo kile kibanja cha Kishanda, migomba, kahawa na kaburi la Privatus lililo katikati yake, vyote vinangoja kinywa chako. Nakuomba kabla hujakifungua unisome mpaka mwisho. Habari za mkono huo nazijua kuliko aliyekuletea, kwa sababu mkono wenyewe ulifia kwenye mashine yangu.

Unajua kazi yangu hapa Kibeta ni kupiga chapa katika ofisi ya mradi wa yatima. Mzungu mmoja aliyekuwa akitufundisha kutunza hesabu alipomaliza mkataba wake alituachia kompyuta ndogo, ya aina ile inayounganishwa na televisheni, pamoja na kitabu chake. Mkuu wa ofisi aliizunguka akauliza kama inaweza kupiga chapa barua. Nikamwambia haina hata pa kuingizia karatasi. Akasema basi ikae stoo. Nikaipeleka stoo, na mimi nikahamia stoo. Kila tulipofunga ofisi nilikaa na kitabu mkono wa kulia na kamusi mkono wa kushoto, maana Kiingereza tulichofundishwa shuleni kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na kitabu kile hakikuwa na mpango wa kwenda chooni.

Nilipoanza kuielewa nikaamua kuiandikia mchezo. Kitabu kilipendekeza vita vya vyombo vya anga. Mimi chombo cha anga sijakiona, lakini senene nawajua. Basi nikatengeneza senene wanaoshuka kutoka juu ya kioo, na chini yao kikapu. Kitufe kimoja kinakisogeza kikapu kushoto hatua moja, kingine kulia hatua moja. Senene akiingia kikapuni umempata. Akigusa ardhi amekwenda.

Kusema kweli, dada, sidhani nilikuwa natengeneza mchezo. Nilikuwa najirudisha nyumbani. Unakumbuka rweya ya nyuma ya kwetu, uwanda mzima wa nyasi ukiwa bado na umande, senene wamelowa mbawa hawawezi kuruka mbali, na akina mama wamejipanga na vikapu vyao kama wanaokwenda kukomunika? Mama alikuwa anasema ukimbana umempasua, ukimkawilia amekwenda. Unamgusa tu, na kabla hajajua ameguswa yumo kikapuni. Wanawake walikamata, wanaume wakala, na mke aliyeleta kikapu kilichojaa alidai kitambaa cha nguo kwa mumewe, na kijiji kizima kilijua nani kalipa na nani anakwepa. Wanawake kula senene ilikuwa mwiko. Nasema "wanawake", sisemi wewe. Wewe ulikuwa unawala nyuma ya jiko, kisha unanihonga mbawa ninyamaze. Nilikuwa mkubwa ndipo nikagundua kwamba mbawa haziliwi.

Na mwaka wa vita unaukumbuka. Watu wa ng'ambo ya mto walipokuja na magodoro vichwani na mbuzi mkononi, na mama akisimama mlangoni akiwakaribisha, nyegera, nyegera, kana kwamba ni wageni wa harusi. Bernadeta aliingia kwetu siku hizo, yeye na bibi yake tu, wengine wote wa nyumba yao hawakuvuka. Alikuwa na umri wako. Mlilala mkeka mmoja. Bibi yake alipofariki kabla ya Krismasi, ulimkatia kanga yako nusu ajifunge kichwani, na sikukusikia ukimwambia neno la pole hata moja. Ulimpa tu kanga, mkaenda kuchota maji.

Senene mwaka ule walishuka kana kwamba hakuna aliyewaambia kuna vita. Bernadeta alipoingia rweya akina mama wa Kishanda waliacha kazi wakamtazama. Vidole vyake vilikwenda kama kuku anayedonoa mtama. Kaka Privatus, aliyekuwa akingoja kuondoka na mgambo, alisimama pembeni akijifanya anafunga kamba za viatu. Nilikuwa karibu naye. Viatu vile havikuwa na kamba.

Aliporudi kutoka vitani alimwoa. Msimu wa kwanza wa ndoa yao bibi arusi alileta kikapu ambacho baba alikigeuza kutafuta kama chini yake kuna majani. Wewe ndiye uliyekwenda naye Muleba kuchagua kitambaa, na Privatus akalalamika kwamba mmechagua cha bei ya shuka tatu. Halafu ikaja ile biashara ya kuvuka mpaka, mashati yakaja, na nyuma ya mashati ukaja ugonjwa. Mwanzoni waliuita Juliana, jina la mashati yenyewe, kama vile ni mgeni aliyevaa vizuri. Mengine unayajua, kaka tulimzika pamoja.

Sasa nirudi kwenye mkono.

Mwezi Januari mradi uliita familia zote tunazozihudumia, zije ukumbini hapa Kibeta. Baada ya sala, hotuba na wali, nikafunga mashine yangu kwenye televisheni, ambayo kwa kawaida haina cha kuonyesha ila mikanda ya video ya kilimo bora. Watoto walicheza mpaka wakapigana. Kisha wakaanza kuwasukuma mama zao. Kokushubila, ambaye alikuja kwa ajili ya wali na si kwa ajili ya yatima, akakaa wa kwanza. Alikigandamiza kitufe kwa dole gumba zima, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Kikapu kikatembea. Akapata senene wa kutosha kujisifu.

Ndipo watu wa Kishanda wakamwita Bernadeta. Walipiga kelele kwamba sasa mtaona mambo, huyu ndiye mwenyewe. Akakaa, akafuta vidole kwenye kitenge, akaanza. Dada, kikapu hakikusogea. Aligonga, kikasimama pale pale. Akagonga tena na tena, kikajivuta hatua moja kisha kikatulia kama ng'ombe aliyegoma. Senene wakamwagika wote ardhini. Ukumbi ukanyamaza, na unajua kunyamaza kwa watu wa huku siku hizi kuna maana yake. Kokushubila akasema, kwa sauti ile yake anayoiita ya chini, kwamba mkono umekufa, na kwamba hata marehemu alianza kwa kuangusha kikombe cha chai. Kisha akasogea mwisho wa benchi akajipepea na leso.

Tangu siku hiyo, mambo ya Kishanda yakabadilika bila mtu kutangaza. Wanawake waliokuwa wakimwachia Bernadeta watoto wao wakienda shamba wakaanza kuwabeba mgongoni. Wageni wake alipowakaribisha kahawa ya kutafuna wakakumbuka ghafla kwamba ina madhara kwa meno, watu wenye meno kama ya farasi. Na Kokushubila akapanda meli kuja kwako na samaki wake pamoja na habari hizo, na habari hazikuoza njiani.

Bernadeta mwenyewe alipotoka kwenye benchi alinipita akacheka kidogo. Aliniambia, shemeji, mashine yako ni kama karani wa serikali, hajui umefika mpaka umshike koti. Nilicheka naye, lakini neno hilo lilinikaa. Mimi sikio langu ni la mpiga chapa, kitufe kikigongwa nakijua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilivisikia vitufe vikilia tak, tak, tak, vyote, hakuna alichokikosa. Mkono ulikuwa unafanya kazi. Kilichokuwa hakifanyi kazi kilikuwa kati ya kitufe na kikapu, na hapo katikati hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi.

Jumatatu nikajifungia stoo, nikagonga kama yeye, kwa ncha ya kidole, gusa na kuacha. Kikapu kikanidharau. Nikagandamiza kama Kokushubila, kikatembea. Nikajaribu kuacha senene mmoja tu kwenye kioo, nikagonga kwa ncha ya kidole: kikapu kikatii kila pigo. Nikarudisha senene wengi, kikaziba masikio tena. Hapo nikakaa chini juu ya gunia la maharage ya mradi, kwa sababu nilikuwa nimeelewa.

Nikueleze kwa lugha ya jikoni. Programu yangu ilikuwa kama mama anayepika peke yake siku ya msiba. Anakoroga chungu cha kwanza, anakwenda cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Akimaliza vyote ndipo anageuka mlangoni kutazama kama kuna mgeni, halafu anarudi chungu cha kwanza. Mgeni aliyesimama mlangoni na kung'ang'ania ataonekana. Lakini aliyebisha hodi wakati mama yuko kwenye chungu cha tatu, akaondoka kabla ya cha mwisho, kwa mama huyo hakuja kabisa. Vyungu ni senene: kila mmoja lazima mashine imfute alipokuwa na kumchora mahali papya, na kila wakizidi, mzunguko unarefuka. Mlango ni kitufe. Mimi nilikuwa nimeiamuru mashine itazame kitufe mara moja tu kwa kila mzunguko. Kokushubila aling'ang'ania mlangoni, akaonekana. Bernadeta alikuwa ameshabisha hodi, akaingia, akatoka na akanawa mikono, mashine bado inakoroga.

Yaani mchezo wa senene niliutengeneza kwa namna kwamba mkamataji bora wa senene katika Muleba nzima asionekane.

Dawa ilikuwa katika sura ya mwisho ya kitabu, ambayo niliiruka kwa sababu haikuwa na picha. Ndani ya mashine kuna saa inayogonga haraka sana, mara nyingi kabla hujapepesa jicho, na unaweza kuiamuru mashine kwamba kila saa ikigonga iache chochote inachofanya, iende kazi ndogo uliyoitaja, kisha irudi ilipoachia. Basi nikamwajiri bawabu. Kila saa inapogonga bawabu anatazama mlango. Akiona mgeni anatia kokoto moja katika bakuli. Mama akimaliza vyungu vyake hatazami tena mlango, anatazama bakuli, na kikapu kinasogea hatua kwa idadi ya kokoto. Mgeni aweza kuwa ameshafika nyumbani kwake, lakini kokoto yake ipo.

Usidhani ilikwenda mara moja. Kwanza nilisahau kumwambia mama amwage bakuli baada ya kulisoma. Niligonga kitufe mara moja, kikapu kikakimbilia pembeni kikabanana na ukuta kama mbuzi aliyeona mvua. Nilipomaliza hilo likaja lingine: mtu akishikilia kitufe, bawabu alitia kokoto kila saa ilipogonga, na bakuli likafurika kwa mgeni mmoja. Ikabidi nimfundishe bawabu kukumbuka mlango ulikuwaje mara iliyopita. Kama hapakuwa na mtu na sasa yupo, huyo ni mgeni mpya, tia kokoto. Kama alikuwepo na bado yupo, ni yule yule, mwache asimame. Kumfundisha bawabu huyo kulinichukua mpaka karibu na Jumatano ya Majivu, na macho yangu yaliuma kuliko jino.

Wiki iliyopita mradi ulikuwa unagawa sare za shule, familia zikaja tena. Sikumwambia mtu. Nilifunga televisheni nikajifanya najaribu waya. Bernadeta hakutaka hata kukaribia, akasema siku ile alitosheka. Kokuhirwa ndiye aliyemvuta kwa kitenge mpaka kwenye benchi, maana ni mtoto wa baba yake, hakubali kushindwa na kitu kinachotumia umeme. Baba mdogo Kamugisha alikuwepo, amekuja kupokea sare ya Aroni. Kokushubila naye alikuwepo. Alikuwa amesikia kuna wali; hapakuwa na wali, kulikuwa na chai tu, akabaki kwa hasira.

Dada, laiti ungekuwepo. Vidole vilikwenda vile vile, tak-tak-tak, kama kuku kwenye mtama, na kikapu kikakimbia chini ya senene kama kimetumwa. Hakuna aliyegusa ardhi. Mimi sikuwa nimeandika mashine ifanye nini kama hakuna aliyekoswa, kwa hiyo ikazidi tu kuwamwaga kwa kasi, na yeye akazidi kuwazoa. Alikuwa ametoa ncha ya ulimi kama alivyokuwa akifanya rweya. Kwa kitambo kile, mimi sikuwa Kibeta. Nilikuwa nimelowa umande mpaka magotini, na Privatus yuko pembeni anafunga kamba zisizokuwepo.

Kokushubila akadai zamu yake. Akagandamiza kwa dole gumba kama kawaida. Kikapu kikaenda hatua moja kikasimama kikimngoja. Akaongeza nguvu. Akasimama kabisa ili uzito ushuke vizuri. Akasema mashine imehongwa. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Lakini nimtendee haki ndugu yetu: hana kinyongo cha kudumu, kwa sababu hana kitu chochote cha kudumu. Alimshika Bernadeta mkono ule ule, akauinua juu, akapiga vigelegele, akasema tazameni wenyewe, mzima huyu, nani alikuwa anasema ni mgonjwa? Hakuna aliyejibu, kwa adabu. Wanawake wakampa Bernadeta mikono. Mmoja akatoa kahawa za kutafuna mfukoni, wakagawana pale pale, meno yamepona. Baba mdogo Kamugisha akaniambia pembeni kwamba labda ukoo ulikuwa na haraka.

Mpaka hapo, dada, barua hii ilikuwa imekwisha kuandikwa kichwani mwangu. Ilikuwa nzuri na fupi. Ingesema mkono ni mzima, kosa lilikuwa la programu, shahidi ni Kokushubila mwenyewe, kwa hiyo Bernadeta si mgonjwa na kibanja kiachwe kilivyo. Ningekuwa nimeshaipeleka posta.

Nilimsindikiza Bernadeta mpaka kwenye lori, nimembebea furushi la sare. Nikamwambia kwa furaha kwamba nakuandikia na Mwanza nao wajue. Akaniuliza nitaandika nini. Nikamweleza. Akaniambia niweke furushi chini kwanza.

Alisema ananishukuru kwa mashine, na kwamba mkono kweli ni mzima. Damu ndiyo si nzima. Alikwenda hospitali mwaka jana, baada ya misa ya kumkumbuka Privatus, wakamtoa damu na akarudi kuchukua jibu. Amekuwa akijua tangu kabla hajakaa kwenye benchi langu mara ya kwanza. Siku ile ukumbi uliponyamaza, alisema, hata yeye alidhani labda ndiyo mkono unaanza, na alikuwa akilala na wazo hilo tangu Januari, akiukunja na kuukunjua chini ya blanketi.

Nilimwambia jambo la kijinga ambalo wakati ule niliona ni la akili: kwamba basi hakuna haja ya mtu kujua, tumeshashinda, baba mdogo ameshalegea, niache niipeleke barua kama ilivyo. Akanitazama kama anavyomtazama Aroni akisema ameoga. Akasema, na hapa nanukuu maneno yake kwa sababu sitaki kuyaharibu: "Shemeji, wakiniachia kibanja kwa kuwa ni mzima, siku nitakayokohoa watakuja kukichukua, na siku hiyo sitakuwa na nguvu ya kubishana nao. Waniachie kwa kuwa migomba ile nimeipanda mimi na mwenye nyumba nimemzika pale. Hilo hata nikikohoa halibadiliki."

Nikamuuliza kama nimwandikie baba mdogo. Akakataa. Alisema nikuandikie wewe kwanza, wewe peke yako, na utakachoona kinafaa kusemwa kikaoni utakisema wewe. Nikamkumbusha kwamba wewe ndiye uliyeandika afukuzwe. Akasema anajua, ameisikia barua yako, Kokushubila alimsomea kabla hajanipa. Akasema Joviana aliandika akiwa ameambiwa, bado hajaandika akiwa anajua. Kisha lori likapiga honi, akapanda, akakaa juu ya gunia na watoto wake wawili, mmoja kila upande.

Kwa hiyo, dada, nimeiharibu hoja yangu kwa kalamu yangu mwenyewe. Kokushubila alikosea kuhusu mkono, akapatia kuhusu ugonjwa kwa bahati tu. Tafadhali usimwambie, ataanza kupiga ramli. Sina tena cha kukuthibitishia. Sikuombi umwonee huruma pia, kwa kuwa yeye hakunituma hilo.

Naomba hivi. Unasema arudi kwao. Kwao ni wapi? Waliokuwa kwao hawakuvuka mto. Naomba neno lako kwa baba mdogo Kamugisha liwe kwamba kibanja ni cha mke wa Privatus na watoto wake, akiwa mzima au akiwa kitandani, na litamkwe sasa, wakati yeye mwenyewe anaweza kukaa kikaoni akalisikia. Aroni akue akijua njia ya kwenda kwenye kaburi la baba yake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kokuhirwa umchukue siku itakapobidi, sikatai, wala mama yake hakatai. Lakini amkabidhi yeye, mkononi mwako, si kunyang'anywa. Mimi niko hapa. Kila Jumamosi nitakwenda Kishanda kupalilia, ingawa unajua palizi yangu hufurahisha magugu.

Na jibu lako usiniandikie mimi, dada. Mimi nimekuwa katikati ya kutosha. Mwandikie Bernadeta mwenyewe, kwa mwandiko wako, jina lake juu ya bahasha. Kama ni ndiyo, mwambie yeye. Na kama ni hapana, vile vile mwambie yeye. Ana macho ya kuisoma, na kwa sasa ana nguvu ya kukujibu.

Nakomea hapa, maana meli yenu inaondoka jioni na karani wa posta hufunga dirisha kabla ya saa yake akidai ni mvua. Msalimie sana shemeji Mayenga, mwambie ule uvumi kwamba nimeoa ni wa Kokushubila, auchunguze kabla hajanunua zawadi. Mbusu Limi kwa niaba yangu. Majirani wa Kibeta wanakusalimu, na wa Kishanda wanauliza lini utakuja. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,

Clavery